Sura ya Saba: Binti wa Rika Lake

"Nani anakaa mbele?" Elifuraha aliuliza, huku akiisukuma kayaki ya njano mpaka pua yake ikaingia majini.

Naisiae na Lesian walitazamana, halafu kila mmoja akaangalia pembeni.

"Haya, nitawapangia mimi," alisema Elifuraha. Alikuwa Mmeru wa hapo hapo Tengeru, mtu wa makamo, mwenye kukodisha vyombo vyake pale Ziwa Duluti kwa watalii na kwa wapenzi. Wapenzi ndio aliowapenda zaidi, maana hawakuwa na haraka ya kurudi. "Kaka nyuma, ndiye anayeongoza. Dada mbele. Wa mbele analiona ziwa, wa nyuma anamwona wa mbele. Si nimewatendea haki?"

Lesian alicheka kidogo, kicheko cha adabu. Naisiae alijifunga laifu jaketi juu ya gauni lake la bluu, lile ambalo Lesian aliwahi kulisifia, akaingia na kuketi. Kayaki iliyumba, ikatulia. Akasikia Lesian naye anaingia nyuma yake, akasikia pumzi yake, halafu Elifuraha akawasukuma na nchi kavu ikabaki kule.

Alikuwa na matumaini, na tusimcheke. Walikuwa hawajaonana tangu ile Jumapili ya nyama. Lesian hakupiga simu, na Naisiae alishona kwa machozi sare za shule za nusu ya mtaa wa Daraja Mbili, mpaka mafundi wenzake wakaanza kumuuliza kama anaumwa macho. Halafu jana ukaingia ujumbe: *Twende Duluti kesho tukapige kasia kidogo. Tupumzike tu.* Basi mwanamke aliyependa huwa na hesabu zake. Siku hizi watu wanaachana kwa simu, tena kwa ujumbe mfupi, tena bila hata nukta mwishoni. Mtu hakutoi mjini mpaka ziwani aje kukuacha. Kwa hesabu hizo Naisiae aliifunika cherehani yake asubuhi, akawaambia wateja warudi kesho, akajipaka mafuta.

Ziwa lilikuwa limenyamaza. Duluti si ziwa kubwa. Ni shimo la mlima wa moto wa zamani lililojaa maji, limezungukwa na msitu pande zote, na wenyeji watakuambia halina mwisho kwenda chini. Ukungu ulikuwa bado umelala upande wa mafunjo. Mlima Meru haukuonekana kabisa, ila ulijulikana upo, kwa baridi iliyokuwa ikishuka kutoka huko. Ndege mweusi alikuwa juu ya mti mkavu ameyatandaza mabawa yake kuyakausha, na jua lenyewe halipo.

"Tuanze kulia," ilisema sauti ya Lesian. "Moja. Sasa kushoto. Hivyo hivyo."

Walikwenda. Makasia yaliingia majini pamoja, yakatoka pamoja, na kwa muda Naisiae alisikia raha ya kweli, raha ya kufanya kitu kimoja na mtu bila kupishana. Kila alipotaka kumwona ilibidi amkumbuke tu: yale macho ya kusinzia, lile pengo dogo la jino la chini, mikono ya fundi magari isiyotakata hata aioshe kwa sabuni gani.

"Nai."

"Ee."

"Maji yametulia."

"Yametulia kweli."

"Umekula?"

"Nimekunywa chai."

Basi, yakaisha hayo. Naisiae aligundua kwamba unaweza kukaa na mtu katika chombo kimoja, magoti yake karibu yaguse mgongo wako, na ukawa peke yako kuliko mtu aliyelala ndani kwake amejifungia mlango. Alitamani amwone uso. Kwenye uso wa Lesian mambo yote yalikuwa yanaandikwa kabla hayajafika mdomoni.

Na hata ile Jumapili yaliandikwa, ila yalichelewa kufika mdomoni. Kila kitu kilikuwa kimepangwa. Mshenga, mzee Manase wa kanisani, alikuwa aongozane na Lesian mpaka Ilkiding'a, nyumbani kwa Saruni, baba mdogo aliyemlea Naisiae tangu wazazi wake walipofariki mmoja baada ya mwingine. Mzee angeingia mbele, angesema kilichowaleta, na Lesian angekaa nyuma yake ametazama chini kama ipasavyo. Lakini mzee Manase alikawia kanisani, na Lesian, kwa ile haraka ya mwenye kupenda, akatangulia.

Saruni alimkuta getini. Siku hiyo alikuwa amechinja mbuzi, na moshi ulishaanza kupanda nyuma ya migomba. Alimuuliza kijana lile swali ambalo kila mwanamume wa Kiarusha humuuliza mgeni: wewe ni wa rika gani? Lesian akajibu. Saruni akaangua kicheko, akamkumbatia, maana walikuwa rika moja. Saruni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia jando katika rika lile, Lesian miongoni mwa wa mwisho, wamepishana miaka mingi, lakini rika halihesabu miaka. Rika ni undugu. Mke wa mwenzako unamheshimu, ng'ombe wake ukimkuta amepotea unamrudisha, na mtoto wake ni mtoto wako: unamlisha, unamkanya, na humuoi.

Akamvuta mpaka kwenye nyama, akamkatia kwa kisu chake mwenyewe. Walikuwa wanakula pande moja Naisiae alipotokea na birika la chai, moyo unamdunda, akidhani mzee Manase ameshasema. Mzee Manase alikuwa bado njiani.

"Huyu ni binti yetu," Saruni alisema, mkono umeelekea kwa Naisiae. "Mwenzangu, mtoto wangu ni mtoto wako."

Hapo ndipo palikuwa na nafasi. Kwa sababu Naisiae hakuwa mtoto wa Saruni wa kumzaa. Baba yake, Nathanael, alikuwa wa rika la mbele, na mwenye kutaka kusimama juu ya hilo angepata pa kusimama. Neno moja tu lilihitajika. Watu husema mdomo uliponza kichwa. Lesian yeye aliponzwa kwa kunyamaza. Alimeza lile pande la nyama, akamtazama Naisiae, uso wake wote ukasema, halafu mdomo ukafunguka ukatoa jibu la desturi.

"Mtoto wako ni mtoto wangu."

Mzee Manase alipofika alikuta hakuna cha kusema. Akanywa chai, akaulizia habari za mahindi, akarudi kwake.

"Saruni amenipigia simu," Lesian alisema sasa, nyuma yake.

Kasia la Naisiae lilisimama hewani. "Lini?"

"Juzi."

"Anasemaje?"

"Kuna wageni wanakuja Jumamosi. Kutoka Kisongo."

"Najua. Ni Simel na wazee wake, wanakuja kuniposa." Alijitahidi sauti yake iwe ya kawaida. "Mwalimu. Anaimba besi kwenye kwaya yao. Mtu mzuri, sina baya la kumsema. Nimemwambia baba mdogo awasikilize tu, mimi sijatoa neno. Nilikuwa nangoja."

Hakusema alikuwa anangoja nini. Kuna mambo mwanamke hawezi kuyasema yote yeye. Mengine lazima mwenzake amalizie. Kasia la nyuma lilichota maji, likachota tena.

"Ameniomba na mimi niwepo," Lesian alisema.

"Ukae wapi?"

"Upande wenu. Na wazee wa kupokea." Akalishusha kasia magotini. "Kama baba yako."

Ndege mweusi aliruka kutoka kwenye mti wake, akapita chini juu ya maji. Naisiae alimfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye ukungu. Alijua swali linalofuata, na alijua kwamba akishaliuliza halirudi.

"Ukamwambia nini?"

"Nai..."

"Nakuuliza, Lesian. Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia nitakuja."

Aligeuka. Hakufikiri, mwili uligeuka wenyewe kumtafuta uso, na kayaki ikalala upande, maji ya baridi yakaingia mapajani.

"Usigeuke," Lesian alisema haraka, akalaza kasia lake juu ya maji kuizuia. "Tutapinduka."

"Tupinduke."

"Hujui kuogelea."

"Wewe unajua?"

"Sijui."

Ingekuwa siku nyingine wangecheka mpaka wakose nguvu, watu wawili wa mlimani waliojileta wenyewe juu ya maji yasiyo na mwisho. Naisiae alisikia pumzi ya kicheko inaanza nyuma yake, ikakatika. Akageukia mbele, akakaa ameshika kasia kwa mikono miwili.

"Mimi ni binti Nathanael," alisema, akiliambia ziwa. "Baba yangu hakuwa rika lako. Mchungaji hana pingamizi. Mzee Manase hana pingamizi. Hata baba mdogo angekuelewa siku ile ile, kama ungesema nimekuja kwa binti wa marehemu kaka yako."

"Najua."

"Sasa unajua halafu unakwenda kukaa na wazee?"

"Nilishasema mbele ya watu, Nai. Nilishakula."

"Nyama ya mbuzi."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Wewe ulikuja mpaka getini, ukavua, halafu ukaona mbuzi."

Alitaka akasirike. Hasira ingemsaidia, ingempa kitu cha kushika. Lakini Lesian alipoongea sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nikuambie kitu ambacho sijakuambia. Bibi yangu alipofariki, nilikuwa ndiyo kwanza nimepona jando. Unajua sina baba wa kumtaja, na wajomba hawakuja. Ilikuwa masika, njia ya Olkokola imekatika, gari halipandi. Jeneza liko chini kwa watu, na nyumbani ni juu kule. Nilikaa nalo barabarani natazama mvua. Nilikuwa kijana mdogo, sijui nianzie wapi. Wakaja vijana wa rika langu, siwajui hata majina, wamesikia tu kwamba kuna mwenzao amefiwa. Wakamweka bibi mabegani mpaka juu, kwenye tope lile, wanaanguka wanainuka. Wakachimba wao. Wakala nilichokuwa nacho, wakaondoka."

Naisiae alilaza kasia lake mapajani.

"Saruni alikuwa mmoja wao," Lesian alisema. "Sikumjua. Ndicho alichokuwa ananiambia ile Jumapili, kisu mkononi, ananikatia. Ananiambia, wewe si yule mtoto wa mvua? Mimi nilibeba upande wa kichwa. Kabla sijamjibu, ndipo ukaja na chai."

Basi kumbe ndicho kilichokuwa kwenye uso wake, ile Jumapili, na Naisiae alikisoma vibaya akadhani ni woga. Aliinamisha kichwa. Alimwona baba mdogo wake akiwa kijana, tope mpaka magotini, amebeba bibi wa mtu asiyemjua, na ilikuwa ni Saruni kabisa, hivyo ndivyo alivyo. Ndiyo maana hata yeye, mtoto wa kaka yake, hakuwahi kulala njaa katika nyumba ile.

"Mtu wa namna hiyo ukimwambia ukweli atakusikia," alisema taratibu.

"Atanisikia. Halafu atakuwa ni mtu aliyenilisha na kuniita ndugu, kumbe mimi nilikuja na jambo lingine moyoni. Hatanifukuza. Atanipa tu kiti cha mgeni. Na wenzangu watapata habari, watakuwa wakinisalimia wanapita. Unakujua kusalimiwa huku mtu anapita?"

"Nakujua. Ndivyo ulivyonifanyia wiki hizi zote."

Kasia la Lesian likagonga ubavu wa kayaki.

"Kwa hiyo ni wao au mimi," alisema Naisiae.

"Usiniulize hivyo."

"Nakuuliza hivyo hivyo."

"Nai, mimi nisipokuwa na wao, sina mtu."

"Una mimi."

Aliyasema maneno hayo bila kupamba, kama anavyomwambia mteja kwamba nguo yake iko tayari. Halafu akangoja. Alitazama mikunjo ya maji iliyokuwa ikitoka chini ya kayaki na kwenda mbali, moja baada ya nyingine, mpaka ikaisha na maji yakawa bapa tena, na nyuma yake hakukuwa na sauti ya mtu. Hakuna kasia lililochota. Kama Lesian alilia, alilia bila kelele, na Naisiae hakugeuka, kwa kuwa alikuwa ameambiwa asigeuke.

Walielea hivyo muda mrefu. Upepo mdogo uliwapeleka kwenye mafunjo, ambako kenge mkubwa alikuwa amelala juu ya gogo, akawaangalia, akaona hawana maana, akafumba macho. Naisiae alifikiria Jumamosi. Alifikiria chai atakayoipika, vikombe vizuri vya baba mdogo vinavyotolewa kabatini kwa wageni tu, viti viwili vya plastiki vitakavyoazimwa kwa jirani. Alijaribu kumfikiria Simel na sauti yake ya besi. Hakuwa na kosa, maskini, ila alipomfikiria aliona tu mtu amekaa kwenye kiti ambacho si chake.

"Turudi," alisema hatimaye.

"Nai, ngoja kidogo."

"Nina sare za watu."

Akapiga kasia peke yake, kwa nguvu, upande mmoja, na kayaki ikaenda mrama mpaka Lesian alipoingiza lake kuinyoosha. Hawakuhesabu tena kulia na kushoto. Hata hivyo makasia yalianza kwenda pamoja yenyewe, na hilo ndilo lililomuumiza Naisiae kuliko maneno yote, kwamba mikono yao ilikuwa haijapata habari.

Ukungu ulikuwa umeondoka walipofika. Elifuraha aliishika pua ya kayaki, akawavuta mpaka kwenye mchanga.

"Mmewahi sana," alisema. "Wenzenu huwa nawapigia filimbi." Aliwatazama nyuso, akaacha utani, akachukua makasia na kwenda nayo kibandani bila kuulizwa.

Walisimama chini ya miti. Sasa Naisiae aliweza kumwona, na alimtazama bila haya, kila kitu, macho na lile pengo la jino na mikono. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa amempenda mtu huyu tangu siku alipoleta ovaroli yake ishonwe mfuko, akakaa kwenye benchi akingoja mpaka jua likazama, kwa mfuko mmoja.

"Utanisamehe?" Lesian aliuliza.

"Sina hasira na wewe. Ningekuwa nayo ningefurahi." Alifungua laifu jaketi, akaikunja, akaiweka chini. "Ila kuna kitu kinanisumbua. Jumamosi mimi ndiye nitakayeleta chai. Nitaanza na wazee wa kwetu, na wewe utakuwa umekaa hapo na fimbo yako. Nitakusalimiaje?"

"Nai, tuache hayo."

"Tusiyaache. Nisije nikakosea mbele za watu nikamwaibisha baba mdogo. Bora tujaribu sasa, tukiwa wenyewe."

Na kabla hajamzuia, alimsogelea hatua moja na kuinamisha kichwa mbele yake.

Kwao binti hampi mkono baba yake, wala mtu wa rika la baba yake. Humpa kichwa. Anainama, anatulia, na mkubwa anakiwekea kiganja utosini, ndiyo salamu na ndiyo baraka. Na mwanamume haweki kiganja hicho kwenye kichwa cha mwanamke anayetaka kumuoa, hata kwa mzaha.

Naisiae aliona viatu vya Lesian, vimelowa, na majani makavu yaliyoganda kwenye mchanga. Hakuwa akijaribu salamu, na Lesian alijua. Alikuwa anampa ile Jumapili irudi mara ya pili. Asifanye kitu, hilo tu. Aiache mikono yake chini, arudi nyuma hata hatua moja, aseme siwezi, na Naisiae angemshika mkono wakaenda moja kwa moja mpaka Ilkiding'a, wakayakabili ya huko. Aliomba, kwa maneno yale anayoombea kanisani. Ee Baba, mikono yake ibaki chini.

"Shikamoo, baba," alisema.

Kwa juu, barabarani, basi lilipita likielekea Moshi, likapiga honi, likaenda.

Kisha mkono ukashuka. Ulikuwa wa baridi, umelowa maji ya ziwa, mzito kidogo, na ulipotua juu ya nywele zake haukutetemeka.

"Marahaba, mwanangu," akasema Lesian.